Mwana Kupona na kalamu iliyokwama

VIJANA wanaojaribu uandishi huniuliza mara kwa mara dawa ya kukwama. Mtu ameketi, karatasi ipo, wazo analo, lakini sentensi ya kwanza haiji. Wapo wanaoiita hali hii ukame wa mawazo. Mimi jina hilo silipendi. Ukame ni kutokuwa na kitu. Kukwama ni jambo jingine: mabaharia wa Lamu wanaopitia mkondo wa Mkanda kuelekea Pate wanajua kwamba maji yakitoka, chombo hukaa mchangani na shehena yake yote ndani. Hakuna kilichopungua. Kinachosubiriwa ni maji.

Mfano bora ninaoujua wa kukwama huko, na wa kujikwamua, umo katika beti za mwanzo za Utendi wa Mwana Kupona, na nashangaa jinsi wahakiki wetu wanavyozipita mbio. Kila darasa la fasihi hukimbilia pale mama anapomfunza bintiye kumtunza mume, kisha mabishano yanaanza: je, huu ni utumwa wa mwanamke ama ni hekima ya kale? Mjadala huo una haki yake, lakini leo tuuache. Tutazame mlango kabla ya kuingia ndani.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Seyyid Said wa Zanzibar. Aliutunga utendi huu mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Anatueleza mwenyewe, mapema kabisa, kwamba maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima, na muda huo wote hakupata kumtamkia mwanawe neno jema. Mwaka mzima, jamani! Na neno lilikuwapo, maana anasema wazi kwamba ana jambo moyoni.

Anajikwamuaje? Hasubiri mzuka. Hatafuti tamathali ya kufungulia. Anamwita binti asogee, akae mbele yake, aje na wino na karatasi. Basi. Kazi hii kubwa inaanza kwa amri ya nyumbani, ya aina ambayo mama yeyote wa Amu huitoa mara kumi kabla ya adhuhuri. Mara tu msikilizaji anapoketi, beti zipatazo 100 zinafuata.

Atatokea mtu aseme huo ni mtindo tu wa tendi, kwamba washairi wengi huanza kwa kuagiza wino na karatasi. Kweli. Tena wapo walioufanya ganda tupu: beti kumi za kuomba kalamu, kisha la maana halionekani. Lakini mtindo haudumu karne na karne bila kuwa na kazi. Unautia mkono shughulini wakati akili bado inasita. Na hebu tazama wenzake wa visiwa hivyo hivyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anauketisha moyo wake mwenyewe na kuukemea kama mwana mtundu. Zahidi Mngumi wa Lamu naye hakukosa wa kumsikiliza, maana enzi za vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, tungo zilirushwa baina ya Lamu na Mombasa kama mishale. Binti, moyo, adui: kila mmoja alikuwa na uso wa kuuandikia.

Je, mwandishi wetu wa leo anamwandikia nani? Mwanafunzi wa Lamu anayeandika insha anamwandikia mtahini, na hapo upo mkwamo ambao warsha zetu za uandishi haziugusi. Mwana Kupona alimwita bintiye kwa neno "ndoo", kwa kuwa ndivyo Kiamu kisemavyo pale wengine tusemapo "njoo". Mtoto wa leo akiandika hivyo, mtahini anaona ndoo ya maji na kalamu nyekundu inashuka. Sipingi uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokifanya Kiunguja msingi wa Kiswahili sanifu. Safu hii yenyewe inaishi kwa sanifu hiyo. Ila tunamtaka mtoto huyu apime kila neno kabla halijamtoka, "ndia" iwe "njia", "mato" yawe "macho", kisha tunamlaumu ati hana ubunifu. Lugha ya tendi tunazomsomesha darasani ndiyo ile ile tunayomkatia alama.

Walimu wa huko wangejaribu jambo moja. Rasimu ya kwanza iwe barua kwa nyanya, au kwa mjomba aliye baharini, kwa Kiamu chenyewe, na asiisahihishe mtu. Rasimu ya pili ndiyo ya mtahini. "Ndoo" zitageuzwa "njoo" siku hiyo, na kazi hiyo haimalizi hata dakika tano.