Wimbo Ulioondolewa Mwimbaji Wake

Jumamosi moja tulialikwa arusini katika kilima kimoja cha Masisi. Kwaya ilisimama imependeza, wote kitambaa kimoja, na mbele yao hapakuwa na ngoma wala kinanda. Palikuwa na simu, imelazwa juu ya spika. Kijana akabonyeza. Muziki ukatoka, muziki wa Dar es Salaam, kinanda na gitaa na ngoma za mashine, lakini mwimbaji hapana. Mama mwenye kuanzisha alichelewa kidogo, maana kikohozi kilimshika. Muziki haukumngoja. Alipoingia alikuwa nyuma, akaukimbilia, na waitikiaji wakagawanyika, wengine pamoja naye, wengine pamoja na simu. Tena sauti ilikuwa juu mno. Wimbo ule uliimbwa kwanza na binti mwenye koo jembamba, na akina mama wetu walipofika kwenye kiitikio hawakuimba tena, walipaza kelele. Watu wakapiga makofi kwa heshima ya maarusi. Sisi tulirudi nyumbani tukiwaza.

Jambo hili si la arusi moja. Katika Masisi na katika Walikale vijana wengi wanazo kadi za simu zilizojaa nyimbo za namna hii, nao huziita plebaki. Yafaa basi tuseme ni kitu gani, kwa kuwa wengi huzitumia bila kujua zimetengenezwaje.

Njia ni mbili. Njia ya zamani yategemea kwamba wimbo wa studio una pande mbili, upande wa sikio la kushoto na upande wa sikio la kuume. Fundi huweka kinanda zaidi huku, gitaa zaidi kule, lakini mwimbaji humweka katikati, yaani sauti yake ni sawasawa pande zote. Ukitoa upande mmoja katika upande wa pili, kama mtoto afanyavyo hesabu ya kutoa, kila kilicho sawasawa chafutika. Mwimbaji amekwisha. Lakini besi na ngoma kubwa nazo mara nyingi zimewekwa katikati, zaondoka pamoja naye. Na mwangwi wa sauti yake, uliotawanyika huku na huku, wabaki. Ndiyo maana katika plebaki za zamani twasikia kama mtu aimbaye ndani ya kisima.

Njia mpya ni ya kompyuta iliyofundishwa. Imesikilizishwa nyimbo nyingi mno, sauti peke yake na vyombo peke yake, mpaka ikajua kutambua koo la mtu katikati ya kelele. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa iliitoa bure programu yake iitwayo Spleeter, na baada yake zimekuja nyingine zilizo bora zaidi. Kazi yake ni safi. Hatuna sababu ya kuidharau, na aliyeibuni alikuwa na akili.

Sasa sikieni jambo lililotufungua macho. Kijana mmoja wa Walikale alikuwa na wimbo wa akina mama wa Kinyanga, aliourekodi kwa simu: mmoja huanzisha, wengine huitikia, makofi na kayamba chini yake. Aliutia katika programu ili apate plebaki ya kwetu, siyo ya ugenini tu. Nia yake tuliisifu. Kilichotoka ni makofi machache, mchakacho wa kayamba, na kimya. Akadhani mashine imeharibika. Kumbe haikuharibika! Ilifanya kama ilivyoagizwa, ikaondoa sauti, na sauti ndizo zilizokuwa wimbo. Waitikiaji ndio kinanda chetu. Anayeanzisha huegemea juu yao, nao humwangalia kinywa, akivuta pumzi wanajua, akirefusha neno wanamngoja. Ukiwaondoa, huna pa kusimama.

Wazee wa Wanyanga walilijua hilo kabla ya sisi kuzaliwa. Mwaka 1956 mzee Shekarisi Rureke alimsimulia Mbelgiji Daniel Biebuyck habari za shujaa Mwindo kwa siku 12, akisema, akiimba, akicheza, na vijana kando yake wakipiga vijiti na kuitikia. Biebuyck na Kahombo Mateene walizichapa kwa Kinyanga na Kiingereza katika kitabu mwaka 1969. Wataalamu wameandika mengi juu ya shujaa yule. Sisi twawatazama zaidi wale vijana wa vijiti. Mzee alipogeuza habari, wao waligeuka naye. Je, ni simu gani ingeweza kufanya hivyo?

Hapo ndipo penye neno letu. Plebaki si mbaya kwa kuwa ni ya mashine. Ubaya wake ni kwamba ni msindikizaji asiyesikia. Ilipimwa kwa pumzi ya mtu mwingine, kwa koo lake na kwa mwendo wake, kisha mtu yule akaondolewa na sisi tukaambiwa tuingie katika nafasi yake kama kuvaa viatu vya jirani. Kweli, zipo programu za kushusha sauti na kupunguza mwendo, na kijana mwenye bidii aweza kuzitumia. Lakini hata ikishushwa, haitamngoja mama anayekohoa.

Kuna na jambo la lugha, ambalo wengi hawalifikiri. Kihunde na Kinyanga ni lugha za kupanda na kushuka. Neno likiinuliwa pasipo mahali pake laweza kugeuka neno lingine. Kiswahili hakina sharti hilo. Basi mtu akichukua muziki uliotungwa kwa maneno ya Kiswahili, akabandika juu yake maneno ya Kihunde, tuni yamburuta inakotaka. Tumesikia zaburi iliyofasiriwa vizuri kwenye karatasi, na bibi mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti ndogo, "Wanasema nini hao?" Alikuwa Mhunde wa kuzaliwa.

Wasomaji wengine watatukumbusha kanuni za Kanisa. Ni kweli, maagizo ya Roma ya tarehe 3 Septemba 1958 yalikataza kabisa gramafoni, redio na mashine za utepe katika ibada, hata kama ni kwa kusaidia tu waimbaji. Lakini tusichukue kanuni ile kama rungu la kumpigia kijana kichwani. Mwaka ule ule wa 1958, kule Kamina, Padri Guido Haazen na wanakwaya wake walikuwa wakiimba Missa Luba kwa ngoma, na ulimwengu uliijua kwa njia ya sahani ya gramafoni. Mashine iliibeba sauti yao mbali, haikuifuta. Na Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1963, ukasema wazi kwamba muziki wa mataifa yenye mapokeo yake upewe heshima yake.

Juu ya haki ya mwenye wimbo tutasema kwa ufupi: sheria ya nchi yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 yamlinda mtunzi na mwimbaji pia. Anayeuza plebaki sokoni kwa kazi ya mwingine, ajue anauza nini. Tunapoimba juu ya muziki wa Angela Chibalonza, binti wa Kongo aliyefariki Kenya mwaka 2007, tukiisha kumfuta yeye mwenyewe, walau tutaje jina lake.

Lakini haifai tuwahukumu watu bila kutazama walikopita. Watu wa Masisi waliokimbilia Bulengo na Lushagala, kando ya Goma, kabla kambi zile hazijavunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025, hawakubeba ngoma. Walibeba watoto na magodoro. Kwaya ya watu 40 ikabaki na 5, na kati ya wale 5 hapakuwa na mpigaji hata mmoja. Tulimwona msichana mmoja pale, simu sikioni, anajifunza sauti ya pili juu ya plebaki, peke yake, kwa kuwa wenzake wa sauti ile hakujua waliko. Nani atamnyang'anya simu ile? Sisi hatutaki. Kwake yeye plebaki ilikuwa kiti cha kungojea wenzake.

Kwa hiyo katika kwaya tunayoifundisha tumepatana hivi: siku za mazoezi simu iko, kila mtu ajifunze sauti yake nayo, hata nyumbani akipika. Siku ya kuimba huzimwa. Mara ya kwanza vijana walinuna, maana ngoma yetu iliungua pamoja na nyumba iliyoihifadhi, nao waliona aibu kuimba mikono mitupu. Mzee mmoja akaomba kidumu cha maji, kile cha manjano, akakigeuza na kukishika katikati ya magoti. Yule mama mwenye kuanzisha akaanza, akafika mahali, kikohozi kikamjia. Mzee akaendelea kugonga polepole, tu, tu, tu, macho yake kwa mama, mpaka alipopata pumzi.