Kutoka Uimbaji hadi Uongozi: Uhakiki wa Safari ya Kisanaa ya Brigitte Fassbaender

Ni rahisi kuigawa kazi ya Brigitte Fassbaender katika vipindi viwili: uimbaji hadi mwaka 1995, na uongozi baada ya hapo. Mgawanyo huo unarahisisha wasifu, lakini unaficha kinachoviunganisha vipindi hivyo, yaani mazoea ya kumchambua mhusika kupitia maneno yake.

Fassbaender alizaliwa Berlin mwaka 1939 na kufundishwa uimbaji na baba yake, mwimbaji wa baritoni Willi Domgraf-Fassbaender. Mwaka 1961 alijiunga na Opera ya Jimbo la Bavaria, jijini Munich, akiwa mmoja wa waimbaji wake wa kudumu. Sauti yake ya mezosoprano ilimpa nafasi za vijana wa kiume ambazo kwa desturi huimbwa na wanawake, hasa Octavian katika Der Rosenkavalier ya Richard Strauss. Nafasi hiyo hudai zaidi ya sauti nzuri: mwanamke huigiza kijana wa kiume ambaye, ndani ya mchezo, hujifanya kijakazi. Asiyepima mwendo, ishara na maneno huzivuruga tabaka hizo. Vivyo hivyo, aliporekodi Winterreise ya Schubert pamoja na mpiga piano Aribert Reimann, utunzi ambao mzungumzaji wake ni mwanamume, uzito uliwekwa kwenye hali ya nafsi inayosema kuliko jinsia ya anayeimba.

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2012 aliongoza Tiroler Landestheater ya Innsbruck, Austria, jumba lenye opera, tamthilia na dansi, huku akielekeza maonyesho yeye mwenyewe. Hapa pana mvutano. Mkurugenzi anayeelekeza hujipangia kazi kisha hujipima, hivyo mamlaka ya kisanaa na ya kiutawala hukutana kwa mtu mmoja. Hata hivyo, jumba la aina hiyo hutegemea waimbaji wa kudumu, na kiongozi aliyekulia katika mfumo huo ana msingi wa kupima ni lini sauti changa ipewe nafasi kubwa na ni lini ingoje.

Pamoja na hayo, ubora wa uimbaji peke yake hauthibitishi uwezo wa kuongoza. Fassbaender alipitia kwanza uongozi wa opera huko Braunschweig katika miaka ya 1990, hatua ambayo sifa za sauti yake huelekea kuifunika. Tena, kati ya 2021 na 2023, akiwa amevuka umri wa miaka 80 na bila cheo cha Innsbruck, alielekeza opera zote nne za Der Ring des Nibelungen huko Erl, Austria. Cheo kilikuwa na mwisho. Uchambuzi wa mhusika uliendelea. Kwa hiyo, uongozi wake unastahili kuhakikiwa kama sehemu ya sanaa yake, kwa vigezo vikali vilevile vinavyotumika kuupima uimbaji wake.