Mhalifu kama Mpaka wa Shujaa: Batman na Joker katika Hadithi za Katuni

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, mhusika mwovu aghalabu huchukuliwa kuwa kivuli cha mhusika mkuu: yupo ili wema wa mwenzake udhihirike. Mtazamo huu umetumiwa pia kuzieleza hadithi za katuni za Marekani, ambamo shujaa na hasimu wake husomwa kama mtu na sura yake katika kioo. Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Kwa kuwarejelea Batman na hasimu wake Joker, tutaonyesha kwamba mhalifu hamwakisi shujaa tu, bali humwekea mpaka. Na kwamba gharama ya mpaka huo hubebwa na wahusika wengine ambao wahakiki wamezoea kuwapuuza.

Jeraha lisilo na kanuni

Batman, aliyebuniwa na Bob Kane na Bill Finger, alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1939 katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics. Chanzo chake kilisimuliwa katika toleo la 33 mwaka huohuo: mtoto Bruce Wayne anashuhudia wazazi wake wakiuawa na mnyang'anyi, kisha anaapa kupambana na wahalifu maisha yake yote. Kisa hiki humpa shujaa sababu ya kutenda, lakini hakimpi kanuni ya kutenda. Jeraha peke yake halisemi mlipiza kisasi akome wapi.

Ndiyo maana Batman wa mwanzo hakuwa na mwiko wa kuua. Katika hadithi yake ya kwanza kabisa, anampiga mhalifu konde naye anatumbukia katika tangi la asidi na kufa, wala shujaa hamsikitikii. Katika toleo la kwanza la jarida la Batman, mwaka 1940, anaonekana angani akilimiminia risasi lori la maadui zake. Baada ya hapo mhariri Whitney Ellsworth alikataza shujaa huyo asiue wala kutumia bunduki.

Toleo hilohilo la 1940 ndilo lililomtambulisha Joker. Waandishi walikusudia afe mwishoni mwake, lakini Ellsworth aliagiza iongezwe picha ya kuonyesha kwamba angepona. Maamuzi haya mawili ya mhariri hayana budi kusomwa pamoja. Shujaa asiyeua na mhalifu asiyekufa walizaliwa karibu wakati mmoja, na kila mmoja anamhitaji mwenziwe. Bila shaka biashara ya majarida ilichangia, kwani hasimu mzuri huuza matoleo mengi. Hata hivyo, hitaji la soko liligeuka kuwa swali la kimaadili: mwiko una thamani gani iwapo anayeufaidi zaidi ni muuaji? Mwaka 1951, hadithi ilipoeleza kwamba Joker alipata sura yake ya kutisha baada ya kujitosa katika taka za kemikali akimkimbia Batman, ilikuwa kana kwamba yule aliyetumbukia katika asidi mwaka 1939 amerudi kudai jibu.

Hoja ya Joker

Swali hilo linakabiliwa waziwazi katika The Killing Joke (1988) ya Alan Moore na mchoraji Brian Bolland. Joker anampiga risasi Barbara Gordon na kumteka baba yake, Kamishna wa polisi James Gordon, ili athibitishe kwamba siku moja ya msiba inatosha kumtia wazimu mtu yeyote. Jambo la kuzingatia ni kwamba hoja hii inamlenga Batman kuliko Gordon. Mtu mzima anayevaa kama popo kwa sababu ya msiba wa utotoni si ushahidi dhidi ya Joker. Karibu ni shahidi wake. Tofauti yao imo katika kumbukumbu. Batman ana kisa kimoja cha zamani, naye hukirudia bila kukibadilisha. Joker anakiri kwamba hukikumbuka chake kwa namna tofauti, na hataki kufungwa na namna yoyote. Asiyefungwa na kisa hafungwi na ahadi.

Anayeishinda hoja hiyo, kwa hiyo, si Batman. Ni Gordon, ambaye baada ya mateso yote anashikilia kwamba mhalifu akamatwe kwa mujibu wa sheria. Mpaka wa shujaa unatamkwa na mtu asiyevaa barakoa.

Katika The Dark Knight Returns (1986) ya Frank Miller, mpaka huo unajaribiwa hadi mwisho. Joker amekaa kimya hospitalini kwa miaka mingi, akazindukana tu aliposikia kwamba Batman amerejea. Shujaa naye anajilaumu kwa wote waliouawa kwa kuwa alimwacha Joker hai. Hatimaye anamvunja lakini hawezi kummaliza. Joker anajinyonga shingo mwenyewe ili Batman ahesabiwe kuwa muuaji. Silaha ya mwisho ya mhalifu ni kuufuta mstari uliomtenga na shujaa.

Wanaolipa

Lakini ni nani anayelipa gharama ya mjadala huu? Katika kazi ya Moore, Barbara anavunjwa uti wa mgongo ili wanaume watatu wapimwe. Yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kujibu. Katika mfululizo wa A Death in the Family (1988–1989), wasomaji walipiga kura kwa simu kuamua kama Jason Todd, Robin wa wakati huo, afe mikononi mwa Joker. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 zilitaka aishi. Kwa tofauti ya kura 72, wasomaji waliununua uchungu wa shujaa kwa maisha ya kijana. Ni John Ostrander na Kim Yale waliomrudishia Barbara sauti kuanzia mwaka 1989, walipomfanya Oracle, mtaalamu wa habari asiyemtegemea Joker ili awe na maana.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mhalifu humfafanua shujaa kwa kumlazimisha aseme atakachokataa kutenda. Lakini ufafanuzi huo si wa bure. Mhakiki anayewatazama mahasimu wawili tu huishia kuhesabu kama Joker anavyohesabu: wengine wote huwa vyombo vya hoja. Inafaa basi, kila tunapouliza mhalifu amemfanya shujaa kuwa nani, tuulize pia ni nani aliyeumizwa ili tupate jibu hilo, na kama hadithi imempa nafasi ya kusema.