Uigizaji kama Ushahidi: Filamu ya The Girl in the Yellow Jumper na Mtazamaji wa Busia na Tororo

Makala haya yanahakiki The Girl in the Yellow Jumper (2020), iliyoandikwa na kuongozwa na Loukman Ali, filamu ya kwanza ya Uganda kuonyeshwa na Netflix, Desemba 2021. Hoja yetu ni kwamba msuko wake una kasoro inayofidiwa na uigizaji, na kwamba fidia hiyo hupotea kwa urahisi filamu ya aina hii inapofasiriwa vibandani.

Kisa kinamhusu mtu aliyeponyoka kifungoni na kurudi na simulizi isiyosadikika. Mbinu rejeshi inamvuruga mtazamaji kabla hajajua nani ametenda nini. Fumbo ndilo uhai wa hadithi ya uhalifu, lakini anayelitega hudaiwa ufumbuzi. Hapa baadhi ya nyuzi zinaachwa bila kufungwa, na taharuki inageuka kuwa utata.

Kinachomzuia mtazamaji asikate tamaa ni waigizaji: Michael Wawuyo na mwanawe mwenye jina hilohilo, Rehema Nanfuka, Philip Luswata na mwanamuziki Maurice Kirya. Msimulizi asipoaminika, ushahidi uliobaki ni uso, sauti na kimya cha anayesema na anayesikiliza. Kwa hiyo uigizaji si pambo la msuko. Ndio unaobeba swali la nani anasema kweli.

Jambo hili lina uzito Busia na Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka, na Wajopadhola ni majirani zao. Filamu hii haiwafikii kwa lugha zao za nyumbani. Hapa inakutana mikondo miwili ya ufasiri wa filamu: ule wa Kiganda wa akina VJ Jingo, na ule wa Kiswahili unaojulikana Kenya kupitia DJ Afro. Yote miwili ni sanaa kamili: mfasiri hueleza, hutania na huipa hadithi ladha ya kienyeji. Hata hivyo, huzungumza juu ya kimya. Katika filamu ya mapigano hasara ni ndogo. Katika filamu hii, kimya kikijazwa maneno, ushahidi hufutika na kubaki msuko mtupu, ambao ndio sehemu yake dhaifu.

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya 2005 yanakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna Bunge litakavyoweka kisheria. Filamu ni mahali pafaapo pa kuanzia utekelezaji. Tunapendekeza kwamba filamu inayopewa fedha za umma, Uganda au Kenya, iwe na tafsiri ya Kiswahili iliyoandikwa chini ya picha. Tafsiri hiyo iandaliwe pamoja na wafasiri wa vibandani, kwa kuwa wao ndio wanaoifahamu hadhira, nao waelekezwe ni wapi wanyamaze ili mwigizaji asikike.