Jinsi ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Plastiki za Gari

Katika kazi zote zifanywazo gereji, ni chache zinazomhadaa mwenye gari kwa wepesi kama utengenezaji wa plastiki iliyokwaruzwa, kwani siku ya makabidhiano kila kitu hung'aa, na mng'ao huo aghalabu ni wa mafuta wala si wa ustadi. Mwenye kutaka kuitambua kazi njema hana budi kuyafunga macho yake mbele ya mng'ao, akaanza kutafuta mambo ambayo mafuta hayawezi kuyasitiri.

Jambo la kwanza ni kujua kama fundi aliijua plastiki yenyewe kabla ya kuigusa. Nyuma ya bampa au ya kipande chochote, mtengenezaji aghalabu huwa amepiga herufi baina ya alama mbili zinazoelekeana: PP ikiwa ni polipropilini, ambayo ndiyo asili ya bampa nyingi za magari yashushwayo Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, na ABS ikiwa ni ile plastiki ngumu itumikayo mara nyingi katika grili na vifuniko vya vioo vya pembeni. Tofauti yake si ndogo, maana asetoni huilainisha ABS hata ikayeyuka, ilhali polipropilini haidhuriki nayo; na polipropilini nayo ina ukaidi wake, kwamba rangi haishikamani nayo isipotanguliwa na praima iliyotengenezwa mahususi kwa plastiki. Fundi asiyegeuza kipande akasoma nyuma yake, bali akavipangusa vyote kwa thina moja na kuvipulizia rangi moja, huyo amebahatisha, hata kama safari hii bahati imemwangukia.

Jambo la pili ni kupambanua aina ya jeraha. Michirizi mingi myeupe au myekundu ionekanayo kwenye bampa si mikwaruzo hata kidogo, ni rangi ya ukuta au ya gari jingine iliyoganda juu. Na fundi mwenye akili huianza kwa sabuni na maji, kisha kwa kitambaa chenye dawa isiyoidhuru plastiki, asishike msasa mpaka ukucha wake uthibitishe kwamba pana shimo. Anayekimbilia msasa hufanya ubaya usiorekebishika, hususan katika plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kama kingo za madigadi na sehemu ya chini ya bampa. Plastiki hizo zina vipele vidogo mfano wa ngozi, navyo hutokana na kalibu ambamo kipande kilimiminwa. Msasa huvifuta kwa dakika moja, wala hakuna msasa mwingine uwezao kuvirejesha.

Basi litazame gari asubuhi au alasiri, jua linapoangaza kwa mshazari, ukiinama hadi macho yako yawe sawa na kipande: palipopoteza vipele patameremeta kama kipara. Kipara cha namna hiyo huletwa pia na hewa ya moto iliyosogezwa karibu mno, maana polipropilini huyeyuka katika joto lipatalo nyuzi 160 za Selsiasi. Ama weupe uliosababishwa na jua, ambalo huila plastiki taratibu kwa juujuu, moto huweza kuurudisha weusi, lakini plastiki iliyokwisha kuchakaa haifanywi mpya, na baada ya muda weupe hurudi. Wapakao dizeli au mafuta ya kung'arishia huficha tu kwa muda mfupi zaidi.

Katika bampa iliyopakwa rangi, chunguza puti. Bampa imeumbwa ipate kupinda, na puti ngumu ya bati, isiyokubali kupinda pamoja nayo, hupasuka kwa kugongwa kidogo tu; kwa hiyo muulize fundi kama alitumia puti ya plastiki. Kisha angalia kama alipanda ngazi za msasa kwa utaratibu, tuseme 180, halafu 320, halafu 600, kwani aliyeruka ngazi huumbuliwa na mistari ichomozayo chini ya rangi ikishakauka sawasawa. Mwisho, linganisha rangi ya bampa na ya bati lililo jirani yake, kwanza juani, kisha kivulini.

Hukumu yangu ni kwamba mkwaruzo mdogo ulioachwa kwa makusudi ni bora kuliko kipara kilichong'arishwa, na fundi akuambiaye kwa unyofu kwamba kipande hiki afadhali kibadilishwe anastahili kuaminiwa kuliko aahidiye kila kitu. Nawe msomaji, patana na fundi wako mapema kwamba salio la malipo atalipata gari likishaoshwa kwa sabuni, likakauka, na likashinda juani. Mwenye kazi ya haki hatalikataa sharti hilo.