Sifa za Mwiko

Ukifika Tikal, kule Guatemala, huhitaji kuambiwa kwamba Wamaya waliishi pale. Mahekalu yao yanachomoza juu ya msitu, na refu kuliko yote linapita mita 60. Ukija Nyeri unaona chai, kahawa, migomba na udongo mwekundu. Aliyeishi hapa miaka 700 au 800 iliyopita alijenga kwa miti na nyasi, navyo vimeoza zamani. Udongo wetu wa volkeno una asidi, hata mifupa hauisazi. Huacha vigae, mawe yaliyochongwa, mkaa na mavi ya chuma. Ndiyo maana naiona miteremko hii ya Mlima Kenya kuwa shule kali ya akiolojia, na mwanafunzi aliyefunzwa hapa nitamwamini popote.

Mwiko anaopewa ni ule ule wa fundi mwashi, unaouzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi Karatina, ila umenolewa kwa tupa. Hamu yake ni kuchimba. Anazuiwa. Kwanza apime mraba, apige vigingi, avute kamba, asawazishe kwa pimamaji. Ndipo hupiga magoti, akalaza bapa la mwiko na kukwangua akivutia kwake, tabaka jembamba baada ya jembamba. Udongo huenda kwenye karai, kutoka karai kwenye chekeche.

Asubuhi, udongo ukiwa bado na umande, rangi husema. Duara jeusi la upana wa kiganja ndani ya wekundu ni mahali paliposimama nguzo ya nyumba. Jua likipanda, duara hutoweka, mpaka unyunyize maji. Mkono nao hujifunza kusikia: kigae hulia kwa sauti nyembamba, mavi ya chuma hukwaruza. Nimemwona mwalimu akigeuka ghafla kwa mlio wa mwiko wa mwanafunzi aliyekuwa nyuma yake, akamwambia asimame hapo hapo. Kilikuwa kigae, ukingo wa chungu, na alama za aliyekipamba zingali wazi.

Kazi hii ina historia hapa. Ari Siiriäinen, mwanaakiolojia wa Finland, alichimba Gatung'ang'a, na mwaka 1971 akachapisha matokeo yake katika jarida la Azania, akigusa swali ambalo wazee wa Kikuyu walikuwa nalo siku zote: Agumba walikuwa nani? Masimulizi huwataja kuwa watu wafupi walioishi ardhini, na wengine husema ndio waliowafundisha Wakikuyu uhunzi. Mwiko hauyadharau masimulizi hayo. Huyapelekea mkaa, usioguswa kwa vidole, upimwe kaboni 14 yake, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi.

Ninachokisifu zaidi ni daftari. Kuchimba ni kubomoa. Tabaka ukishaliondoa halirudi, na kosa la leo hakuna atakayelisahihisha kesho. Kwa hiyo kabla shimo halijafukiwa, mwanafunzi hukaa na kalamu ya risasi akichora ukuta wake, sentimita kwa sentimita: wapi wekundu unaanza kuwa mweusi, mzizi umepita wapi, jiwe gani limeegemea lipi. Mwenye shamba anaweza kusimama pembeni akiuliza atapanda maharagwe lini. Ajibiwe kwa heshima, naye mwanafunzi aachwe amalize kuchora.