Aprili 2019: Makisio Yaliyofungiwa

Serikali ilikosea, na nalisema hili mapema. Kuzuia ripoti ya IMF isichapishwe mwezi Aprili 2019 ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote niliyoyaona katika kazi ya kukadiria uchumi wetu, na kila msimu wa bajeti ukifika narudi palepale.

Mnakumbuka mtiririko wake. Tarehe 17 Aprili IMF ilitangaza kwamba Tanzania haijatoa ridhaa ya kuchapishwa kwa ripoti ya wataalamu wake ya Ibara ya 4, yaani mapitio yao ya kawaida ya uchumi wa nchi. Ridhaa ni haki ya nchi mwanachama, hakuna kanuni iliyovunjwa. Upande wa serikali ulieleza kwamba majadiliano yalikuwa hayajaisha. Ripoti ikavuja. Ndani yake ukuaji wa miaka iliyokuwa mbele ulikisiwa kati ya asilimia 4 na 5, wakati serikali ikihesabu 7, na sera zisizotabirika zikatajwa kuwa zinaharibu mazingira ya uwekezaji.

Tuingie jikoni tuone namba hizi zinavyopikwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hujumlisha thamani inayoongezwa na kila sekta: kilimo, ujenzi, uchukuzi, madini na kuendelea. Mchambuzi wa nje hana wadadisi wa kuwatuma vijijini, kwa hiyo huangalia nyayo: mitambo inayoagizwa, mikopo ya benki kwa sekta binafsi, makusanyo ya VAT, mauzo ya nje. Uchumi ukikua kwa 7, nyayo hizo nazo zinatakiwa zionekane. Zisipoonekana, ama kuna kitu hazikukigusa, ama 7 imezidi.

Hapo ndipo uamuzi ule unaponiuma, kwa sababu serikali ilikuwa na la kujibu. Ingeweza kusema kwamba mikopo ya benki haiwafikii wakulima na wachuuzi wengi, hivyo kudorora kwake hakusemi kila kitu. Ingeweza kuonyesha ujenzi wa reli ya kisasa ulivyoingizwa kwenye hesabu. Ingeweza kubishia kipunguza bei kilichotumika kuondoa mfumuko kwenye Pato la Taifa, eneo ambalo wachumi wazuri hutofautiana kwa heshima. Ofisi ya Takwimu ilikuwa imetoka kuhamishia mwaka wa kizio kwenye 2015, kazi safi. Hoja zote hizo zingepangwa mbele ya ripoti, ukurasa kwa ukurasa, tukazipima. Badala yake namba ya IMF ikazunguka kwenye simu za watu bila mjadala, na kimya cha Dodoma kikachukuliwa kuwa ni kukiri. Mwezi Julai Benki ya Dunia ikaweka hadharani kadirio lake kwamba mwaka 2018 tulikua kwa asilimia 5.2, si 7. Mjadala uliokimbiwa Aprili ukatukuta vilevile, na tukaukuta bila maandalizi.

Aprili haisomeki bila Septemba 2018. Mwezi ule Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu, na kutoa takwimu zinazopinga au kupotosha zile rasmi kukawa kosa la faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Benki ya Dunia ikaeleza wasiwasi wake waziwazi. Juni 2019 makali yakapunguzwa, sawa. Lakini fikirini hali ya mtafiti wa taasisi kama ESRF au REPOA, au wa kampuni ndogo ya ushauri pale Dar es Salaam, ambaye hesabu yake imempa 5.5. Kazi ya makisio huishi kwa kusahihishwa: unatoa namba, mwaka unaisha, unaonyesha ulipokosea, unarekebisha modeli. Ukimtia hofu mtu huyo unabaki na namba moja isiyo na wa kuikagua.

Mwalimu Nyerere alikuwa na njia nyingine. Mwaka 1979 Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na wakati huo Waziri wa Fedha, aliamini kwamba tulihitaji makubaliano na IMF. Mwalimu akayakataa masharti yake, Mtei akajiuzulu. Januari 1980 Mwalimu akasimama mbele ya mabalozi akahoji tangu lini IMF imekuwa wizara ya fedha ya dunia. Kwenye hesabu namuunga mkono Mtei. Kwenye namna ya kubishana wote wawili walisimama wima: mmoja aliachia cheo, mwingine alimjibu mpinzani mchana kweupe. Hata mwaka 1995, tulipogombana na wafadhili, jopo huru la mchumi Gerald Helleiner liliandika ripoti iliyotukosoa sisi na wao pamoja, ikachapishwa, na uhusiano ukajengwa upya kutoka hapo.

Mtasema mtu wa huku Mlalo, milimani Usambara, ana haja gani na haya. Ana haja kubwa. Mnunuzi anayepanda huku kuchukua karoti na kabichi hukopa, na benki humpangia riba kwa kutazama uchumi unakokwenda. Na wanaonifuata wanajua ugomvi wangu wa siku zote: mboga za Usambara hushuka Mombo kwa matenga na kwa lumbesa, gunia lililofungwa kichuguu juu ambalo sheria ya vipimo inalikataza. Kilimo kinabeba zaidi ya robo ya Pato la Taifa, na sehemu yake tunaipima kwa gunia lisilo na kilo. Aliyekosoa makadirio yetu mwaka 2019 angetusaidia kuliona hilo.

Bonde hili lilishaonja mpango uliotungwa bila kumsikiliza mwenye shamba. Mwaka 1946 wakoloni walianzisha hapa Mlalo mradi wa kuhifadhi udongo wakiamini ardhi inakwisha. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Wakalazimisha matuta, kazi iliyowaangukia zaidi wanawake, na waliojua udongo huu hawakuulizwa. Mradi ukafa kwa upinzani kabla ya Uhuru.

Ripoti za IMF zimerudi kuchapishwa, na hilo napongeza. Ninachokitaka sasa ni jedwali moja ndani ya hotuba ya bajeti ya Juni: makisio ya ukuaji ya miaka 5 iliyopita, matokeo halisi, tofauti kati yake, na maelezo ya Wizara kwa kila tofauti.